Jicho la Angani Hufia Ardhini

Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020, jua likiwa bado halijachomoza, ndege ya ujasusi ya Marekani ilikuwa ikitembea taratibu kwenye lami ya uwanja wa Manda Bay, Lamu. Ilibeba vyombo vya kumwona binadamu gizani kwa joto la mwili wake, kutoka juu sana, bila yeye kujua kwamba anaonwa. Magazeti ya Marekani yaliandika baadaye kwamba waliokuwa ndani waliona viumbe wakikatiza mbio mbele ya ndege, wakadhani ni wanyama. Walikuwa wapiganaji wa al-Shabaab, waliotoka vichakani kwa miguu. Roketi ya kurushwa begani ikaipiga ndege. Wakandarasi wawili waliokuwa ndani yake walikufa pale pale uwanjani, na askari mmoja wa Marekani akauawa katika shambulio hilo hilo. Ndege kadhaa ziliteketea au kuharibiwa kabla uwanja haujarudi mikononi mwa wenyewe.

Kila ninapoulizwa kuhusu ndege za doria na ujasusi, swali la kwanza huwa ni lile lile: zinaona umbali gani? Ni swali halali, lakini si la kwanza. La kwanza ni nani anazilinda zikiwa chini, na la pili ni nani anapokea zinachokiona. Nimesoma habari za ndege hizi kwa miaka mingi, na kila nikizipanga upya narudi mahali pamoja: nguvu yake iko angani, lakini hatima yake huamuliwa ardhini.

Tuanze na nguvu yenyewe, kwa sababu ni ya kweli na hakuna haja ya kuipunguza.

Mtu wa pwani hahitaji kusoma fizikia ili aelewe kwa nini rada hupandishwa kwenye ndege. Jahazi likitokea baharini, tanga huonekana kwanza, mwili wa chombo baadaye, kwa sababu dunia imejikunja na bahari imejikunja nayo. Aliyesimama ufukweni haoni maji zaidi ya kilomita 5 hivi. Akipanda mlingoti, upeo wake husogea mbele. Rada nayo imefungwa na sheria hiyo hiyo. Mtambo uliowekwa kwenye mnara wa mita 20 utaiona ndege inayoruka mita 100 juu ya ardhi ikiwa imebakiza kilomita 60 tu. Ndege ya kivita inayokwenda kilomita 900 kwa saa huumaliza umbali huo kwa dakika 4. Katika dakika hizo mtu aitambue, amwarifu mkubwa wake, mkubwa aamue, na rubani wa kujihami awe tayari hewani. Haiwezekani. Pandisha rada mita 9,000, na upeo wake unafika karibu kilomita 390. Zile dakika 4 zinakuwa zaidi ya 20, na katika vita vya anga dakika 20 ni mali.

Ndiyo sababu Marekani ilichukua ndege ya Boeing 707, ambayo awali ilikuwa ya abiria, ikaibebesha ungo mgongoni wenye kipenyo cha mita 9, unaozunguka mara 6 kwa dakika. Hiyo ndiyo E-3, inayojulikana zaidi kwa jina la AWACS. Warusi wana yao, A-50, iliyojengwa juu ya ndege ya mizigo ya Il-76. Zipo nyingine zisizo na ungo. E-8 ilichungulia ardhini kwa ubavu, na mwaka 1991, ikiwa bado ya majaribio, ilipelekwa Vita vya Ghuba ikaonyesha misafara ya Iraki ikitembea usiku jangwani. RC-135 ni masikio zaidi kuliko macho: hunasa mazungumzo ya redio na mawimbi ya rada za adui. Siku hizi sehemu ya kazi hizo imechukuliwa na droni.

Anayetaka kuona jicho la angani likifanya kazi yake sawasawa na atazame Bonde la Bekaa, Lebanon, tarehe 9 Juni 1982. Syria ilikuwa imejaza bonde hilo betri 19 za makombora ya kutungulia ndege. Waisraeli walitanguliza droni ndogo. Nyingine zilipiga picha, nyingine zilijifanya ndege za kivita ili rada za Syria ziwashwe na kujulikana mahali zilipo. Baada ya saa chache, kwa hesabu inayokubaliwa na wengi walioandika historia ya siku hiyo, betri 17 zilikuwa zimeharibiwa. Syria ikarusha ndege zake kuja kuokoa. Hapo ndipo zilipotakiwa E-2C Hawkeye, ndege za pangaboi zenye ungo mgongoni, zilizokuwa zikizunguka mbali juu ya bahari. Waliokuwa ndani yake waliziona ndege za Syria tangu zikipanda kutoka kwenye viwanja vyake. Walimwambia rubani wa Israel adui anatokea upande gani, yuko kimo gani, na amwendee kutoka wapi. Rubani wa Syria, kwa upande wake, alikuwa amezibwa masikio, kwa sababu redio yake ya kuzungumza na kituo cha ardhini ilikuwa imevurugwa. Katika siku chache Syria ilipoteza ndege zaidi ya 80.

Somo ambalo majeshi mengi yalilichukua Bekaa ni hili: nunua ungo. Waliosoma kwa makini waliona jambo jingine. Marubani wa Syria hawakukosa ujasiri, na waliendelea kuja hata walipojua wenzao hawakurudi. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kilichopo mbele, na walikosa kwa sababu mfumo wao wote ulitegemea sauti moja kutoka ardhini. Sauti hiyo ilipokatwa, kila mmoja akabaki peke yake hewani.

Sasa tazama upande wa pili. Tarehe 14 Aprili 1994, kaskazini mwa Iraki, Marekani na washirika wake walikuwa wakilinda eneo la Wakurdi ambako ndege za Saddam Hussein zilipigwa marufuku. Juu ya yote ilikuwepo AWACS yenye watu 19. Helikopta mbili za Black Hawk za jeshi la nchi kavu la Marekani ziliingia katika eneo hilo zikiwa na watu 26: Wamarekani, maofisa wa Uingereza, Ufaransa na Uturuki, na Wakurdi waliokuwa wakifanya nao kazi. Wana-AWACS walizungumza na helikopta hizo. Alama zao zilionekana kwenye skrini, zikapotea zilipozama mabondeni, kisha zikarudi.

Ndege mbili za F-15 nazo zikaingia doria. Rubani akaona kitu kwenye rada yake, akaiarifu AWACS. Hakuambiwa kwamba hao ni wenzake. Helikopta zilikuwa kwenye masafa mengine ya redio, kwa hiyo hazikusikia zinazungumziwa, na kifaa chao cha kujitambulisha kilikuwa kwenye namba isiyotumika ndani ya eneo lile. Marubani wa F-15 wakapita karibu kutazama kwa macho, wakadhani ni helikopta za Iraki zilizotengenezwa na Warusi, wakarusha makombora. Wote 26 walikufa. Mwendo mzima, tangu rubani alipoona alama ya kwanza mpaka makombora yalipoondoka, ulichukua dakika chache tu. Afisa mmoja wa AWACS alifikishwa mahakama ya kijeshi, na mwaka 1995 akaachiwa huru.

Kisa hiki hunisumbua kuliko vingine vyote. Adui hakuwepo. Jicho liliona, na lilikuwa limeona kwa muda mrefu, lakini ndani ya ndege ile kila mtu aliamini kwamba kusema ni kazi ya mwenzake. Ukiipa nchi rada ya kuona kilomita 400 bila kuamua nani anatamka neno "simama", umeipa nchi hiyo shahidi wa ajali zake.

Jambo la kufanana na hilo lilikaribia kutokea juu ya Bahari Nyeusi tarehe 29 Septemba 2022. RC-135 ya Uingereza ilikuwa ikiruka katika anga la kimataifa, na ndege hizo huweza kubeba hadi watu 30. Su-27 za Urusi zikaifuata, na mojawapo ikaachia kombora. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, Ben Wallace, aliliambia Bunge mwezi uliofuata kwamba ilikuwa hitilafu ya kiufundi. Mwaka 2023 BBC iliripoti maelezo tofauti: rubani aliielewa vibaya kauli ya kituo chake cha ardhini, akadhani ameruhusiwa kupiga. Ikiwa ndivyo, basi maisha ya watu wote wale yalining'inia kwenye sentensi moja ya utata iliyotamkwa na mtu aliyeketi ofisini.

Msomaji atasema: lakini ndege hizi hutunguliwa hata angani. Ni kweli, na vita vya Ukraine vimelithibitisha kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Ukraine ilitangaza kuitungua A-50 ya Urusi juu ya Bahari ya Azov tarehe 14 Januari 2024. Ndege nyingine ya kamandi, Il-22M, ilirudi Anapa mkia wake ukiwa umejaa matundu. Tarehe 23 Februari A-50 nyingine ikaanguka ndani ya Urusi kwenyewe. Kabla ya vita, wachambuzi wengi waliamini kwamba A-50 zilizokuwa tayari kwa kazi hazikufika 10. Kupoteza mbili ndani ya wiki sita ni pigo ambalo fedha haziwezi kulifuta haraka, kwa sababu pamoja na chuma huondoka watu kama 15 waliofundishwa kwa miaka mingi kusoma skrini ile. Chuma hununuliwa, lakini jicho la mtu aliyezoea kutenganisha kundi la ndege wa porini na kombora linaloruka chini halipatikani dukani.

Hata hivyo, tuweke mizani sawa. Kuipiga ndege kama hiyo hewani kunahitaji kombora la masafa marefu, mtego uliopangwa kwa siku nyingi, na bahati. Kuipiga ikiwa imeegeshwa kunahitaji ujasiri na uzembe wa mlinzi. Orodha ni ndefu na haijaanzia Manda. Mei 2011, wanamgambo waliingia kituo cha jeshi la majini la Pakistan, PNS Mehran, Karachi, wakaziteketeza ndege mbili za doria za P-3C Orion. Agosti 2012, wengine wakaingia kituo cha Kamra, nchi hiyo hiyo, wakaharibu ndege ya Saab 2000 yenye rada ya Erieye, ambayo Pakistan ilikuwa imeinunua Uswidi kwa gharama kubwa. Februari 2023, droni ndogo ilitua juu ya ungo wa A-50 iliyoegeshwa Machulishchy, Belarus. Wapinzani wa serikali walidai wameiharibu vibaya, Minsk ikasema ni mkwaruzo. Wala si ukubwa wa jeraha unaonishangaza. Kifaa kidogo cha kubebeka mkononi kilikaa juu ya mojawapo ya ndege adimu katika jeshi la Urusi, kikaipiga picha, na hakuna aliyekifukuza.

Kisha ikaja tarehe 1 Juni 2025. Ukraine ilikuwa imeingiza droni ndani ya Urusi zikiwa zimefichwa kwenye malori, ndani ya vibanda vya mbao. Siku hiyo mapaa yalifunguka na droni zikaruka kuelekea viwanja kadhaa vya ndege kwa pamoja. Video ambazo Kyiv ilizitoa baadaye zilionyesha droni zikiteremka juu ya nyungo za A-50 katika uwanja wa Ivanovo. Hata kama ndege hizo hazikuwa katika hali ya kuruka, kama baadhi ya wachambuzi walivyosema, zilikuwa ndizo akiba na chanzo cha vipuri. Ndege iliyojengwa ili ionye taifa zima juu ya vinavyokuja angani ilifikiwa na vidude vya plastiki ikiwa imelala wazi, bila banda.

Kuna wanaohitimisha kwamba zama za ndege hizi zimekwisha. Marekani iliistaafisha E-8 ya mwisho Novemba 2023. Mwaka 2025 wizara yake ya ulinzi ilitaka kuachana na E-7, ndege iliyotarajiwa kurithi E-3, ikisema satelaiti zitafanya kazi hiyo, na Bunge likapinga. NATO, yenye E-3 zake 14 pale Geilenkirchen, Ujerumani, nayo ikaachana na mpango wa kununua E-7 mwaka huo huo. Sikubaliani na hitimisho hilo. Satelaiti haijadiliani na rubani aliyepaniki. Nayo nchi isiyo na satelaiti zake hukodi macho, na mwenye macho anaweza kuyafumba siku anayotaka. Uswidi ilipoiahidi Ukraine ndege mbili za rada Mei 2024, ilijua Ukraine haina uhaba wa picha kutoka juu. Kilichokosekana Ukraine ni mtu hewani wa kuwaongoza marubani wake dakika kwa dakika.

Na sisi huku? Jambo hili limetufikia zamani, na si Lamu tu. Umoja wa Mataifa ulianza kutumia droni za doria kwa mara ya kwanza katika historia yake Goma, tarehe 3 Desemba 2013, chini ya kikosi chake cha kulinda amani nchini Kongo, MONUSCO. Zilikuwa Falco za Kiitaliano, zisizobeba silaha. Mwaka uliofuata mojawapo iliona boti ikizama Ziwa Kivu, waokoaji wakapelekwa, na watu wakatolewa majini wakiwa hai. Hapo jicho na mkono vilifanya kazi pamoja, na familia za Goma zilinufaika.

Lakini tulipime jambo zima. Kundi la waasi la M23 lilishindwa Novemba 2013, mwezi mmoja kabla ya droni hizo kuanza kuruka. Lilishindwa na jeshi la Kongo likisaidiana na Brigedi Maalumu ya askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, waliokuwa na azimio namba 2098 la Baraza la Usalama lililowaruhusu kushambulia. Hawakuwa na jicho lile, walikuwa na ruhusa na nia. Kundi hilo hilo liliporudi vitani, macho yalikuwa mengi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika ripoti baada ya ripoti wakitumia, pamoja na ushahidi mwingine, picha za droni, wakieleza kuwepo kwa wanajeshi wa Rwanda upande wa M23, madai ambayo Kigali imeyakana mara nyingi. Februari 2024, AFP ilinukuu waraka wa ndani wa Umoja wa Mataifa uliosema kombora lilirushwa kuelekea droni ya doria ya umoja huo bila kuipiga. Mwisho wa Januari 2025, Goma ilianguka. Zipo sababu nyingi za anguko hilo, na upofu haumo. Kilichokuwa kikikusanyika milimani kilionekana, kikapigwa picha, kikaandikwa, kikasomwa New York.

Serikali za ukanda wetu sasa zinanunua macho yao wenyewe. Kongo imechukua droni za CH-4 kutoka China, na majirani nao wako sokoni. Wabunge watapelekewa makabrasha yenye picha nzuri na takwimu za saa ngapi chombo kinakaa hewani. Lakini uchunguzi wa jeshi la Marekani kuhusu Manda Bay, uliotolewa hadharani Machi 2022, haukulaumu kamera wala injini. Ulilaumu ulinzi hafifu wa uwanja, walinzi ambao hawakuandaliwa ipasavyo, kutoielewa vizuri hatari iliyokuwepo, na udhaifu wa uongozi.

Kwa hiyo, mheshimiwa mjumbe wa kamati ya ulinzi, kabrasha hilo likifika mezani kwako, anza na ukurasa ambao hautakuwemo. Uliza uzio wa uwanja una urefu gani, na nani anautembea saa kumi usiku. Uliza ndege italala ndani ya banda au juani. Uliza picha ikipigwa saa nane usiku itamfikia nani, na huyo mtu ana mamlaka ya kuagiza nini bila kumwamsha mwingine. Ukikosa majibu, rudisha kabrasha.